Marigoldi: Ua la kibarazani linaloweza kutibu udongo wa bustani Ngara, Biharamulo

MAUA yanayopandwa kwenye makopo mbele ya nyumba, iwe Ngara, Biharamulo au Bukoba, kwa kawaida huhesabiwa kuwa pambo la macho. Mwenye nyumba huyamwagilia akikumbuka, na kiangazi kikikaza huyaacha yafe ili maji machache yaliyomo ndooni yaende kwenye mboga. Miongoni mwa maua hayo lipo moja linalostahili kuangaliwa kwa jicho jingine, hasa na kaya zinazotegemea bustani ndogo ya nyanya, bilinganya na maharage iliyo nyuma ya nyumba. Ua hilo ni marigoldi.

Marigoldi huchanua kwa rangi ya njano, ya chungwa, au nyekundu iliyochanganyika na hudhurungi. Majani yake yamechanika mithili ya unyoya na hutoa harufu kali yanapoguswa. Huota upesi, haihitaji matunzo ya gharama, na mbegu zake nyingi zinaweza kuvunwa nyumbani. Zaidi ya hayo, mizizi yake ina kemikali inayoua baadhi ya minyoo fundo, viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho ambao hudhoofisha mboga kutoka chini ya ardhi.

Hata hivyo, sifa hiyo imezungukwa na imani nyingi zisizo sahihi. Mkulima anayepanda mistari miwili ya maua hayo pembeni mwa tuta la nyanya, akitarajia minyoo itoweke, hupata maua mazuri na nyanya zilezile zilizodumaa. Faida ya marigoldi katika udongo hupatikana kwa masharti maalumu, na yeyote anayetaka kuipata hana budi kuyafahamu kabla ya kutoa sehemu ya bustani yake.

Asili yake

Pamoja na kwamba Waingereza huiita aina mojawapo marigoldi ya Afrika, mmea huu asili yake ni bara la Amerika, hususan Mexico na nchi za jirani. Wahispania waliupeleka Ulaya katika karne ya 16, ukaota pia katika nchi za Afrika Kaskazini, na ndipo baadhi ya watu wa Ulaya walipodhani kuwa huko ndiko kwao. Mwanasayansi Carl Linnaeus wa Sweden aliipa jamii hiyo jina la kitaalamu Tagetes mwaka 1753. Jina hilo huhusishwa na Tages, ambaye katika masimulizi ya kale ya Waetruski wa Italia alichomoza kutoka katika ardhi iliyokuwa ikilimwa.

Leo ua hili limeenea karibu dunia nzima. Nchini Mexico hupamba makaburi na madhabahu za nyumbani wakati wa kuwakumbuka marehemu, Novemba 1 na 2. Nchini India hutungwa mashada ya harusi na ibada, na jamii za Wahindu waishio Afrika Mashariki hulitumia vivyo hivyo wakati wa sikukuu ya Diwali. Viwandani, petali zake hukaushwa na kutolewa rangi ya njano inayochanganywa katika chakula cha kuku ili kiini cha yai kikolee.

Aina zinazofaa kupandwa

Aina mbili ndizo hupandwa zaidi majumbani. Ya kwanza ni Tagetes erecta, ambayo ni ndefu, hufikia urefu wa kuanzia sentimita 60 hadi 90 au zaidi, na hutoa maua makubwa ya mviringo yenye rangi moja. Ya pili ni Tagetes patula, inayojulikana kama marigoldi ya Ufaransa ingawa nayo imetoka Mexico. Hii ni fupi, kwa kawaida sentimita 20 hadi 40, hutawanya matawi mengi na kutoa maua madogo yenye rangi mbili.

Kwa chungu au kopo la kibarazani, aina fupi ndiyo inayofaa zaidi kwa sababu haihitaji kuegemezwa na mizizi yake hutosheka na nafasi ndogo. Aina ndefu hufaa bustanini, kwenye ua wa nyumba na kwa wale wanaotaka maua ya kukata. Tofauti nyingine huonekana wakati wa mvua. Vichwa vikubwa vya aina ndefu hunyonya maji, huwa vizito, huinama na kuoza. Maua madogo ya aina fupi huvumilia mvua vizuri zaidi.

Wanunuzi pia huchanganya marigoldi hizi na ua jingine liitwalo Calendula, ambalo nalo huitwa marigoldi na hutumika kutengenezea mafuta ya ngozi. Hiyo ni mimea miwili tofauti. Calendula haina majani yaliyochanika kama unyoya. Kwa hiyo, maelekezo ya dawa au chakula yaliyoandikwa kwa ajili ya Calendula yasitumiwe kwa Tagetes, ambayo utomvu wake huweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Hali ya hewa ya Ngara na Biharamulo

Wilaya zote mbili zipo kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, urefu wa mchana haubadiliki sana na hukaribia saa 12 mwaka mzima. Jambo hilo ni neema kwa mpanda maua, kwani marigoldi ndefu huwahi kuchanua pale mchana unapokuwa mfupi. Katika nchi za Ulaya mimea hiyo hukabiliwa na siku ndefu za kiangazi, hivyo baadhi yake huchelewa. Katika ukanda wa ikweta inaweza kuchanua mwezi wowote, mradi maji yapo.

Maji ndiyo kigezo kikubwa. Mvua za vuli huanza kati ya Septemba na Oktoba hadi Desemba, na masika hunyesha kuanzia Februari au Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi, kipindi ambacho bustani nyingi huhamia mabondeni, karibu na maji. Ngara, ikiwa na vilima virefu, ina usiku wenye baridi kuliko Biharamulo. Marigoldi huvumilia baridi ya kawaida ya Ngara, lakini miche michanga hukua polepole zaidi Juni na Julai kuliko Oktoba.

Udongo wa maeneo mengi ya mkoa wa Kagera una uchachu, kwa kuwa mvua za miaka mingi zimeosha chokaa yake. Marigoldi hupenda udongo wenye uchachu kidogo tu. Uchachu ukizidi, majani huota madoa ya rangi ya shaba na kukunjamana, dalili ambayo wengi hudhani ni ugonjwa. Majivu ya kuni yaliyopoa, kiasi cha konzi mbili kwa kila meta moja ya mraba, yakichanganywa na udongo wiki mbili kabla ya kupanda, hupunguza tatizo hilo. Majivu yasizidishwe, wala yasichanganywe na samadi mbichi.

Kuandaa kitalu

Mbegu ya marigoldi ni nyembamba, ndefu, nyeusi upande mmoja na yenye ncha ya rangi ya majani makavu. Gramu moja huwa na mbegu takribani 300. Kitalu chaweza kuwa sanduku la mbao, beseni lililotobolewa au kipande kidogo cha tuta kilichoinuliwa ili maji yasituame.

Udongo wa kitalu unapaswa kuwa tifutifu na safi. Palipo na historia ya miche kufa, udongo humwagiwa maji yanayochemka, ukaachwa upoe na kukauka kiasi kabla ya kusia. Mbegu husiwa katika mistari, zikafunikwa kwa udongo mwepesi usiozidi nusu sentimita, kisha kitalu hutandazwa majani makavu. Kwa joto la kawaida mbegu huchipua baada ya siku 4 hadi 7. Matandazo hayo huondolewa mara machipukizi yanapoonekana, la sivyo miche hurefuka na kuwa dhaifu.

Adui mkuu wa hatua hii ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo hadi mche ukaanguka. Kinga yake ni kusia mbegu kwa nafasi, kumwagilia asubuhi na kuacha hewa ipite. Miche iliyosongamana kwenye kitalu chenye maji mengi hufa kwa pamoja, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Miche huhamishwa ikiwa na majani halisi manne hadi sita, yaani wiki tatu hadi nne tangu kusia. Jioni au siku ya mawingu ndiyo muda mzuri wa kuhamisha.

Matunzo bustanini

Marigoldi huhitaji jua la kutwa, au angalau saa sita za jua la moja kwa moja. Ikipandwa chini ya migomba, kama ilivyo kawaida ya vibanja vingi vya Kagera, hurefuka, hukonda na kutoa maua machache. Sehemu inayoifaa ni ukingo wa kibanja, mbele ya nyumba au kandokando ya njia.

Aina fupi hupandwa kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25 kati ya mche na mche, na aina ndefu kwa sentimita 30 hadi 45. Kila shimo hutiwa konzi moja ya samadi iliyooza. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama urea, huleta majani mengi na maua machache, hivyo haipendekezwi.

Wiki moja au mbili baada ya kuhamisha, ncha ya shina kuu hukatwa kwa kucha ili mmea utoe matawi ya pembeni. Kitendo hicho huchelewesha ua la kwanza kwa siku chache, lakini huongeza idadi ya maua. Aina fupi huanza kuchanua wiki 6 hadi 8 baada ya kusia, na aina ndefu wiki 8 hadi 12. Kuanzia hapo, kazi kubwa ni kuondoa maua yaliyonyauka kila wiki. Mmea ulioachwa ubebe mbegu huhesabu kuwa umemaliza kazi yake na hupunguza kuchanua.

Aina ndefu hufungwa kwenye kijiti kwa kamba laini kabla mvua kubwa hazijaanza. Kuisubiri ianguke ndipo ifungwe huvunja shina.

Matunzo kwenye vyungu na makopo

Kwa mkazi wa mjini asiye na ardhi, chombo chochote chenye uwezo wa kushika udongo na kutoa maji ya ziada chaweza kutumika: chungu cha udongo, ndoo iliyopasuka, dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa au sufuria kuukuu. Vyombo vilivyokuwa na viuatilifu havifai. Chombo chenye upana wa sentimita 15 hutosha mche mmoja wa aina fupi. Aina ndefu huhitaji sentimita 25 hadi 30.

Kitako cha chombo hutobolewa matundu manne au matano, kisha huwekwa vigae au kokoto. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Udongo mtupu wa mfinyanzi hugandamana ndani ya kopo na kuziba pumzi ya mizizi.

Udongo wa kwenye kopo hukauka haraka kuliko wa ardhini, hasa kopo la bati linalopigwa na jua. Kipimo rahisi ni kuchomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Udongo ukiwa mkavu hapo, maji yanahitajika; ukiwa na unyevu, yasubiri. Maji huelekezwa kwenye shina, si juu ya maua. Wakati wa kiangazi maji yaliyooshea mboga au mchele yanaweza kutumika, lakini maji yenye sabuni nyingi au chumvi yaepukwe.

Virutubisho vya kwenye chombo huisha baada ya wiki chache. Mbolea maji, inayopatikana kwa kuloweka samadi ndani ya ndoo kwa wiki moja hadi mbili na kuizimua mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea, hutolewa kila baada ya wiki mbili.

Wadudu na magonjwa

Pamoja na harufu yake kali, marigoldi haijakingwa dhidi ya wadudu wote. Konokono hupenda miche michanga na wanaweza kumaliza kitalu kwa usiku mmoja wa mvua. Huokotwa kwa mkono alfajiri. Utitiri mwekundu hujitokeza wakati wa kiangazi, hasa kwenye vyungu vilivyo karibu na ukuta unaohifadhi joto. Dalili zake ni majani yenye vidoa vya njano na utando mwembamba kama wa buibui. Kunyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi kadhaa mfululizo hupunguza idadi yao.

Wakati wa masika, ukungu wa kijivu hushambulia vichwa vya maua vilivyolowa. Vichwa hivyo hukatwa na kupelekwa mbali na bustani. Mmea uliosinyaa ghafla ilhali udongo una unyevu huenda umeoza mizizi, na kuuongezea maji ni kuuharakishia kifo.

Minyoo fundo na kazi ya mizizi

Minyoo fundo huingia ndani ya mizizi ya mboga na kuifanya ivimbe. Nyanya, bilinganya, bamia, karoti, pilipili na maharage ni miongoni mwa mazao yanayoumia. Mmea ulioshambuliwa hudumaa, hupauka na hunyauka mchana hata kama udongo una maji. Kwa kuwa majani ndiyo yanayoonekana, mkulima wengi hununua mbolea, kisha dawa ya ukungu, na fedha zote hupotea bila kugusa chanzo.

Uchunguzi wake hauhitaji maabara. Mmea unaoshukiwa hung'olewa taratibu kwa jembe na mizizi huoshwa. Uvimbe wa minyoo ni sehemu ya mzizi wenyewe na haubanduki. Kwenye maharage ni lazima kuwa makini, kwani zao hilo huwa na vinundu vya kawaida vyenye bakteria wanaorutubisha udongo. Vinundu hivyo hubanduka kwa urahisi vikisuguliwa kwa kidole, na vikipasuliwa vikiwa hai huwa na rangi ya waridi ndani. Kung'oa maharage yenye vinundu hivyo kwa kudhani ni ugonjwa ni hasara.

Uwezo wa marigoldi dhidi ya minyoo ulitambuliwa na watafiti zamani. Mwaka 1958, watafiti Uhlenbroek na Bijloo wa Uholanzi walieleza kuwa mizizi ya Tagetes ina kemikali iitwayo alfa-terthienyl, ambayo ni sumu kwa minyoo. Tangu hapo tafiti nyingi zimefanyika, na matokeo yake yanakubaliana katika mambo makuu yafuatayo.

Kwanza, kazi hufanywa na mizizi iliyo hai. Majani yaliyokatwa na kuchanganywa na udongo huongeza mboji, lakini hayana nguvu ileile dhidi ya minyoo. Pili, marigoldi ipandwe kama zao kamili katika tuta zima, kwa nafasi isiyozidi sentimita 18 kati ya mche na mche, ili mizizi ienee kila mahali. Tatu, ikae ardhini kwa muda usiopungua miezi miwili kabla ya mboga kupandwa hapohapo. Nne, magugu yaondolewe, kwa sababu minyoo huendelea kuishi kwenye mizizi ya magugu. Tano, matokeo hutegemea aina ya marigoldi na aina ya minyoo iliyopo. Tagetes patula na Tagetes erecta ndizo zilizofanya vizuri zaidi dhidi ya minyoo fundo walioenea katika nchi za joto.

Kwa mfano, tuta lenye upana wa meta 2 na urefu wa meta 5 litahitaji miche takribani 300 kwa nafasi hiyo. Kwa kalenda ya Ngara na Biharamulo, miche inaweza kusiwa Februari, ikahamishiwa tutani katikati ya Machi wakati mvua zimekolea, ikatunzwa hadi mwishoni mwa Mei, kisha ikakatwa na kufukiwa kabla mbegu hazijapukutika. Mboga za kiangazi hupandwa Juni kwa kumwagilia. Hivyo marigoldi hutumia mvua ya masika, msimu ambao nyanya husumbuliwa sana na ukungu, na tuta huwa tayari wakati ambapo bei ya mboga sokoni huanza kupanda.

Gharama ya njia hii ni ardhi. Familia yenye tuta moja haiwezi kuliacha miezi miwili bila chakula. Kwa hali hiyo, bustani hugawanywa sehemu nne, na kila msimu sehemu moja hupewa maua. Aidha, minyoo hurejea taratibu pale mboga zinazoipenda zinapopandwa tena, hivyo zoezi hurudiwa. Marejea, mmea wa jamii ya mikunde unaofahamika kwa wakulima wengi nchini, nao una sifa ya kupunguza minyoo na huongeza rutuba, hivyo unaweza kupokezana na marigoldi.

Kwa upande wa migomba, uhai wa kaya nyingi za Kagera, tahadhari inahitajika. Migomba hushambuliwa na minyoo wa aina nyingine pamoja na fukusi, na kivuli chake hakiruhusu marigoldi kustawi. Njia ya uhakika inabaki kuwa machipukizi safi, yaliyochongwa mizizi na kuoshwa, au miche ya chupa. Kituo cha utafiti cha TARI Maruku, karibu na Bukoba, kimekuwa kikishughulikia zao hilo kwa miaka mingi.

Ipo faida moja inayopatikana hata kwa mimea michache. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa marigoldi ya Ufaransa iliyopandwa pamoja na nyanya ndani ya nyumba ya kioo ilipunguza kasi ya kuongezeka kwa inzi weupe, kutokana na kemikali ya limonene inayotoka kwenye mmea huo. Wadudu hao hawakuangamia, ila walichelewa kuzaliana, na matokeo yalikuwa bora pale maua yalipowekwa tangu mwanzo.

Faida hizo zina uzito kwa sababu viuatilifu vya kuua minyoo ni miongoni mwa vile vyenye sumu kali zaidi zinazotumika mashambani. Kuvitumia kwenye bustani iliyo hatua kumi kutoka jikoni, palipo na watoto na kuku, ni kuhatarisha maisha.

Kuhifadhi mbegu

Vichwa vya maua bora huachwa vikauke juu ya mmea mpaka kikonyo kigeuke rangi ya kahawia. Huvunwa siku ya jua, mbegu huchambuliwa, zikaanikwa kivulini kwa siku kadhaa na kuhifadhiwa ndani ya bahasha au chupa kavu yenye tarehe. Mbegu za msimu uliopita ndizo huota vizuri zaidi.

Baadhi ya marigoldi zinazouzwa madukani ni chotara. Zile zilizopatikana kwa kuchanganya aina ndefu na fupi huchanua muda mrefu lakini hazitoi mbegu zinazoota. Anayetaka kujitegemea kwa mbegu anunue aina za kawaida, zenye pakiti inayoonyesha jina la mzalishaji na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Wakazi wa mpakani wana wajibu wa ziada. Vituo vya Rusumo, kuelekea Rwanda, na Kabanga, kuelekea Burundi, viko wilayani Ngara, na ni rahisi kwa msafiri kurudi na miche aliyopewa na ndugu. Miche yenye udongo hubeba minyoo, wadudu na magonjwa. Uingizaji wa mimea na mbegu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

Mkoa wa Kagera una mfano wa karibu wa madhara ya ua lililovuka mipaka. Gugu maji, lenye maua ya zambarau, lilisambazwa duniani kutoka Amerika ya Kusini kama pambo la mabwawa. Likashuka na mto Kagera, unaopita Rusumo, hadi Ziwa Victoria, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 lilianza kuenea na baadaye kuziba mialo ya wavuvi. Marigoldi za bustani hazijafikia ubaya huo, lakini jamaa yake, Tagetes minuta, lenye maua madogo yaliyofifia na harufu nzito, limekuwa gugu sugu katika mashamba mengi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mbegu za jamaa huyo zisichumwe kwa kudhaniwa kuwa ni za marigoldi.

Kuanza na kidogo

Mkazi wa Rulenge, Kirushya au Biharamulo mjini anayetaka kujaribu anaweza kuanza na makopo matano ya aina fupi, akavuna mbegu zake, na msimu unaofuata akazipanda kwenye tuta moja ambalo nyanya zake zimekuwa zikidumaa. Kabla ya kupanda, ang'oe nyanya mbili tatu na kuangalia mizizi. Baada ya mavuno ya mboga zitakazofuata, aangalie tena. Mizizi hiyo ndiyo itakayomwonyesha iwapo ua hilo limestahili nafasi aliyolipa, au libaki kibarazani kama pambo.